Ukingo wa Nishani

Bwana mifugo mwenye akili timamu, akija kuchanja nguruwe, huuliza habari za nguruwe. Huyu aliwachanja nguruwe wangu wote, akanawa mikono, akakunja mikono ya shati, kisha akauliza, "Mama, lile kaburi kule kwenye kahawa ni la nani?"

Hapo hapo nikamtoa kwenye hesabu ya watu wema. Ndivyo nilivyo. Marehemu mume wangu alikuwa akisema Ida ukimpa andazi ataligeuza kwanza aone chini pakoje. Sioni aibu. Andazi huungua upande wa chini.

Jina lake Tumsifu, kijana wa Kilimanjaro aliyehamishiwa wilayani kwetu Mbinga mwaka juzi. Mrefu, mpole, anasalimia mpaka watoto wanaochunga mbuzi. Pikipiki yake ina boksi la chanjo nyuma, na hapa Ukata watu walikuwa wameshaamua kwamba ndani ya lile boksi hamna chanjo, mna mashine inayosikia dhahabu chini ya ardhi. Maswali yake ndiyo yaliyomponza. Kila nyumba aliyochanja aliuliza kama palikuwa na mzee aliyepigana vita vya zamani, na kama aliacha kitu chochote, iwe kifungo, chupa ya maji au mkanda. Huku kwetu ukiulizia vita vya Mjerumani hakuna atakayedhani unapenda historia. Watajua unatafuta mali ya Mjerumani.

Mali hiyo sijawahi kuona mtu aliyeipata, ila niliowaona wameharibikiwa kwa ajili yake ni wengi. Inasemwa Wajerumani walipokimbia walifukia masanduku ya rupia na kuacha alama kwenye mawe. Wanaume wazima wanaacha kahawa imezwe na majani, wanakwenda kuchimba chini ya jiwe kwa sababu lina mchirizi. Mdogo wangu Egidi, fundi saa na simu pale Mbinga mjini, huwacheka sana. Wakichimbua sarafu kuukuu wanampelekea yeye. Anabana kile kioo chake jichoni, anakwangua pembeni kwa tupa, mkwaruzo mmoja usiozidi punje ya ulezi, halafu anawaambia hii fedha, hii bati, nenda ukapalilie.

Sasa kaburi lenyewe. Ni la babu yetu Nazari, baba yake mama. Lina msalaba wa saruji, na katikati ya msalaba imezamishwa nishani ya vita, ya mviringo, uso wa mfalme wa Kiingereza ukiangalia nje. Hatupendi kuulizwa kuhusu nishani hiyo. Sababu ni hii.

Babu Nazari alikwenda vitani pamoja na rafiki yake Henry, Mnyasa wa Kihagara, kule chini ziwani. Wote wawili walikuwa Keya, askari wa Mwingereza, kikosi kimoja. Nazari alirudi. Henry alifia ng'ambo ya Ruvuma, mwaka mmoja kabla ya vita kwisha. Miaka ikapita, halafu siku moja ya Pasaka babu akaonekana ana nishani kifuani. Ukoo wa Henry wakasema ile ni ya ndugu yao, Nazari aliivua kwenye maiti yake. Neno likashika. Mama yangu, Gertruda, alipokuwa msichana aliposwa na kijana wa Kihagara, na wazee wa kule wakaivunja posa, wakasema hawaoi binti wa mpora maiti. Mpaka leo nikishuka ziwani kununua dagaa usipa, yupo atakayemnong'oneza mwenzake, na huyo mwenzake ataniangalia mikono.

Mama anakaribia miaka tisini. Miguu imekataa, macho bado yanamtii. Haombi kupona wala haombi kuongezewa siku. Anachotaka ni kujua, kabla hajamfuata baba yake, kama baba yake aliiba.

Sisi Wamatengo tuna sengu. Ukoo unakula pamoja, na maneno mazito yanasemwa huku mikono imo kwenye ugali, maana si rahisi mtu kuinuka kwa hasira akiwa na tonge mkononi. Kinachosemwa kwenye sengu hakitoki nje. Habari ya Henry ilikuwa ya sengu. Kwa hiyo Tumsifu aliponiuliza kaburi ni la nani, nilimjibu, "Ni la babu. Nguruwe umeshamaliza?"

Akaenda. Lakini mtu wa namna hiyo hafukuziki kwa jibu fupi. Alirudi wakati kahawa zimeanza kuiva, akasema amekuja kuwatazama nguruwe kama chanjo imewakubali. Nguruwe hata hakuwaangalia. Alisimama kando ya kaburi, mikono nyuma kama mtu aliye kanisani.

"Mama Emilian," akasema, "nishani za namna hii zina maandishi ukingoni, kwenye unene wake. Walichonga namba ya askari, jina lake na kikosi chake. Kila askari na yake. Mimi nakusanya majina yao. Ningeomba tuitoe, niisome, tuirudishe. Saruji nitanunua mwenyewe."

"Majina ya nini?"

"Babu wa babu yangu alichukuliwa kule Moshi kubeba mizigo ya vita vile. Aliishia huku kusini. Hakuna anayejua alikofia. Nikaanza kumtafuta yeye, nikajikuta nawaokota wengine."

Maneno matamu. Nikajiuliza ni wangapi ameshawaambia hayo. Lakini ukweli ni kwamba niliogopa, na hofu yangu haikuwa ya mashine wala rupia. Niliogopa ule ukingo. Miaka yote tulidhani ukweli ulizikwa na babu, kumbe umo mle kwenye saruji, umeandikwa, na mtu yeyote mwenye tindo anaweza kuusoma. Na kama jina lililoandikwa ni Henry?

"Kaburi la Mkristo halichokonolewi," nikamwambia.

Mama alikuwa ndani, dirisha wazi. Jioni akaagiza ukoo uitwe. Egidi akapanda kutoka mjini, tukakaa, tukanawa, na mama akasema kabla hata mboga haijafika.

"Nishani niliizamisha mimi siku tunalijengea kaburi. Nilikuwa na hasira, nilitaka isivaliwe tena na mtu. Sasa nasikia ina maneno. Itolewe. Kijana aisome."

Egidi ndiye aliyethubutu. "Mama, na tukisoma tusilolitaka?"

Mama akamega ugali. "Nitakufa ninajua."

"Basi tusiharakishe," Egidi akasema. "Iwe Jumapili ya wiki ijayo, baada ya misa, watu wote wawepo."

Nilimshukuru moyoni kwa kutupatia zile siku. Mama akasisitiza jambo moja: Tumsifu aambiwe asome jina tu. Habari ya Henry asiambiwe, yeye si wa sengu. Nikampelekea ujumbe hivyo hivyo, jina tu, basi.

Jumamosi, siku moja kabla, nilikwenda kuchuma kahawa asubuhi. Msalaba wa babu ulikuwa na tundu.

Sikupiga kelele. Nilisogea nikatazama. Saruji ilikuwa imechimbuliwa kwa utulivu, mviringo kamili, hakuna ufa hata mmoja, na vumbi lake limekusanywa pembeni kwenye jani la mgomba. Mwizi wa kijijini hafanyi kazi safi hivyo. Mwizi wa kijijini angepiga nyundo msalaba wote ukaanguka. Huyu alizoea vitu vidogo vidogo vya zamani, alijua jinsi ya kuvitoa bila kuvijeruhi. Nikajua ni nani. Nikatua kikapu cha kahawa, nikavaa viatu, nikaita bodaboda.

Tumsifu alipanga vyumba viwili nyuma ya mashine ya kusaga, Mbinga mjini. Sikubisha hodi. Alikuwa anakunywa chai, akainuka.

"Shikamoo mama."

"Shikamoo utaipeleka polisi. Iko wapi?"

"Nini?"

Nilikuwa nimeshaanza kuangalia. Ukuta mzima ulikuwa na rafu za mbao, na juu ya rafu palikuwa na vita vizima. Vifungo vyenye taji. Chupa za maji zilizobonyea. Maganda ya risasi, misumari ya viatu, bakuli la bati la askari lililokwaruzwa namba kwa ncha ya kisu. Palikuwa na ganda kubwa la mzinga ambalo wavuvi wa ziwani walikuwa wakilitumia kutwangia chumvi. Kila kitu kimefungiwa kikaratasi kwa uzi: cha nani, kilitoka kwa nani, wapi. Vingine viliandikwa "kimeazimwa, kirudi." Niliinama nikatazama chini ya kitanda, na alinisogezea viatu vyake nione vizuri. Nilifungua boksi la chanjo. Lilikuwa na barafu na chanjo.

Nishani ya babu haikuwemo.

"Imechimbuliwa?" akauliza taratibu, maana alikuwa ameshaelewa. Akakaa kitandani. Sikuwahi kumwona mtu anasikitika hivyo kwa mali isiyo yake, na hata huko kusikitika kwake nikakushuku.

"Kama ameichukua mtu wa kuuza," akasema, "Mungu ajalie asiisafishe kwa msasa. Kitu kisicho na jina, mama, ni chuma chakavu. Mimi mwenyewe sina la kufanya nacho."

Nikatoka bila kuaga. Nilitaka mwanamume wa kwenda naye polisi, na mwanamume wangu wa mjini ni Egidi. Kibanda chake kiko karibu na stendi. Alikuwa amekaa mezani pake, kioo jichoni, anarudishia skrubu ya saa ya mteja, skrubu ambayo mimi nisingeiona hata ningeambiwa ilipo. Nilipomweleza hakuinuka. Aliondoa kioo, akafungua droo.

"Ninayo mimi, dada."

Akaiweka mezani. Iling'aa. Mfalme alikuwa mweupe upya, na ukingo wake ulikuwa laini, mtupu.

"Nilidhani ni dhahabu," akasema. "Nikakwangua kupima."

Nilimpiga kibao. Mtu ana mvi, ana wajukuu, nilimpiga kibao mbele ya wateja, na hakuinua mkono kujikinga. Nikamwita majina ambayo padri atanidai. Mama anangoja neno moja tu duniani, na mwanawe amelila kwa tupa kwa tamaa ya dhahabu.

Kumbe Tumsifu alinifuata. Alisimama mlangoni, kisha akaingia, akaomba kile kioo cha Egidi. Akaigeuza nishani polepole kwenye mwanga, ukingo wote, akaizungusha tena. Halafu akamtazama Egidi. Egidi alikuwa anapanga skrubu zake.

"Hakuna kilichobaki," Tumsifu akasema. "Hata herufi moja."

Tulipanda nayo Ukata siku hiyo hiyo, mimi nyuma ya Tumsifu, Egidi kwa bodaboda nyuma yetu. Mama alikuwa ameketi barazani na rozari. Nilimweleza yote, sikumstahi Egidi. Mama akaipokea nishani, akapitisha kidole ukingoni, akakizungusha mpaka kilipoanzia. Nililia. Nilimwona anamaliza maisha yake pale pale bila jibu.

Kisha akafanya jambo ambalo halijafanywa kwenye nyumba yetu. Alimgeukia yule mgeni.

"Kaa hapa, mjukuu wangu. Nataka kukuambia jambo la sengu."

Akamwambia. Henry, Ruvuma, maiti, posa iliyovunjwa. Hakuficha hata lile jina la mpora maiti. Tumsifu alisikiliza ameinamisha kichwa, na mama alipomaliza aliinua kichwa, akasema, "Bibi, kumbe mlikuwa na swali hili. Mbona hamkuniambia tangu mwanzo?"

"Si la kuwaambia watu."

"Huyo Henry alikufa lini?"

"Mwaka mmoja kabla ya vita kwisha. Hilo hata wao wenyewe Kihagara hawalibishi."

Tumsifu akaigeuza nishani. Upande ule ulikuwa umekaa ndani ya saruji tangu mimi ni msichana. Palikuwa na mtu juu ya farasi.

"Namkumbuka farasi," mama akasema.

"Kando ya farasi kuna tarakimu, bibi. Huku 1914, vita vilipoanza. Huku 1918, vilipokwisha. Nishani hii ilitengenezwa vita vikiwa vimeshakwisha. Askari waliitwa ofisini kuzichukua miaka kadhaa baadaye. Hakuna mtu aliyeuawa vita vile akalala porini na nishani hii kifuani, kwa sababu ilikuwa bado haijatengenezwa."

Mama akaniambia, "Ida, hebu irudie wewe." Nikairudia. Mtu aliyekufa mwaka kumi na saba hawezi kuwa na kitu chenye mwaka kumi na nane. Akamwambia Egidi airudie. Egidi akairudia kwa sauti ndogo. Mama akajifunika khanga usoni, mabega yakamtikisika, na alipoifunua nilimwona jinsi alivyokuwa labda kabla posa haijavunjwa.

"Nipelekeni Kihagara," akasema.

Kesho yake tukakodi gari. Mama tulimweka kati yangu na Egidi, Tumsifu mbele na dereva. Njia nzima ya kuteremka mama aliishika nishani kwa mikono miwili. Ziwa lilipotokea chini ya milima hakulitazama, alikuwa anasogeza midomo, anajifunza maneno atakayosema.

Mkubwa wa ukoo wa Henry sasa ni Mzee Florian, mjukuu wa kaka yake. Tulimkuta anageuza usipa kwenye vichanja, watu wake wakiwa wamemzunguka. Walipomwona mama anashushwa garini walinyamaza, na kuna mwanamke aliyeangalia mikono yetu. Mama hakusubiri kiti. Alisema yaliyomleta, akamwachia Tumsifu aseme ya tarakimu. Florian alisikiliza. Akaichukua nishani, akaisogeza mbali na macho kama wasomavyo wazee, akaona 1914, akaona 1918. Akaitazama kwa muda. Kisha akaisimamisha kwa ukingo kwenye kiganja.

"Nasikia hizi huwa na jina hapa," akasema.

Tumsifu akajibu, "Ni kweli, mzee, huwa nalo. Hii imekwanguliwa. Mimi sikuwahi kulisoma."

"Nani amekwangua?"

Nilitazama chini. Nilijua wanachofikiri, maana ndicho ningekifikiri mimi: watu wanaleta ushahidi wa usafi wao, na mahali pa jina pamefutwa.

"Mimi, baba," Egidi akasema. "Nilidhani ni dhahabu. Mali ya Mjerumani."

Kicheko kilianzia kwa Florian mwenyewe. Akacheka mpaka akashika mgongo, na wote wakaangua. Kila mtu pale ana ndugu aliyewahi kuchimba. "Mtoto wa dada yangu," Florian akasema akifuta machozi, "alichimba kandokando ya choo cha shule mpaka choo kikainama." Wakacheka tena. Hakuna aliyeuliza zaidi, kwa kuwa hilo kosa kila nyumba inalijua.

Florian alipotulia akavua kofia. "Dada Gertruda, tulikusema vibaya, wewe na baba yako. Walionitangulia wamekufa na neno hilo mdomoni. Naomba radhi kwa niaba yao." Akaagiza aletwe samaki mkubwa, mbasa aliyevuliwa asubuhi ile, akampakia mwenyewe garini. Mama alimshika mkono, hakutaka kuuachia.

Tukapanda kurudi. Mama alilala begani kwangu, safari hii nishani nimeishika mimi. Nilikuwa na furaha, nilikuwa namshukuru Mungu, na kidole gumba changu kilikuwa kinatembea ukingoni bila kutumwa. Kilizunguka. Kikarudi kilipoanzia. Hakikukuta mahali penye kukwaruza, wala herufi, wala mwanya kati ya mkwanguo na mkwanguo.

Egidi hupima fedha kwa mkwaruzo mmoja, punje ya ulezi. Nimemwona maisha yangu yote. Na wachimba mali ya Mjerumani yeye huwacheka kuliko mtu yeyote. Hii aliikwangua mzunguko mzima, taratibu, akaisawazisha kwa msasa mwembamba. Aliitoa kwenye saruji siku moja kabla ya kusomwa, siku aliyoipanga mwenyewe. Akaitazama kwa kile kioo. Halafu ndipo akachukua tupa.

Tumsifu alisema askari waliitwa ofisini. Wakiita "Henry", na Henry yuko chini ya ardhi ng'ambo ya Ruvuma, mtu aliyekuwa rafiki yake, anayejua namba yake na kikosi chake, anaweza kuitika. Tarakimu za nyuma haziwezi kukanusha hilo. Jina lingeweza. Na kama jina lilikuwa Nazari, ndugu yangu mwenye akili zake angelifutia nini?

Nilimtazama Egidi juu ya kichwa cha mama. Alikuwa anaangalia nje, milima. Mbele yangu kisogo cha Tumsifu kilikuwa kimetulia. Huyo mtu wa maswali hakuuliza swali hata moja njia nzima, wala hakuomba kuifungia nishani yetu kikaratasi.

Tulipofika mama akaamka na amri. Kesho nishani irudi kwenye msalaba, na safari hii farasi aangalie nje, watu wasome miaka. Leo ukoo uitwe, samaki aliwe. Egidi akakaa nyuma ya jiko anamparua mbasa magamba, nami nikamfuata na beseni la maji.

"Egidi," nikasema, "mkwaruzo mmoja haukutosha?"

Kisu hakikusimama. "Macho yangu siku hizi mabaya, dada. Unakwangua, huoni vizuri, unaendelea."

"Jana umeweka skrubu ya saa."

Akaosha kisu. Akaniangalia, na ndugu yangu sijawahi kumwona amechoka vile. "Dada," akasema, "mama amecheka na Florian leo. Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Basi."

Ukoo ukakusanyika, tukanawa. Mama aliwekwa katikati, akasimulia habari ya Kihagara kuanzia mwanzo, akairudia tena kwa waliochelewa, na Egidi alikuwa anamtolea miiba, anamwekea minofu mbele yake. Mama alikula samaki kwa namna ambayo sijaiona miaka mingi. Mimi nilikuwa na tonge mkononi na halikwenda popote. Nilikuwa namfikiria Florian alivyovua kofia.

"Ida," mama akasema, "mbona huli samaki wa ndugu zetu?"

Wote wakanigeukia. Egidi hakunigeukia, aliendelea na miiba. Nikanyoosha mkono, nikamega mnofu, nikautia mdomoni bila kuutazama, mimi nisiyekula andazi bila kuligeuza.